Mashine Juu ya Jukwaa

Jumatatu, 4 Machi
Nimekaza nati tena. Spana ileile, nati zilezile. Mashine ya kusaga ya ushirika tumeifunga juu ya jukwaa la mbao, ili Mtoni nzima iione siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi alikata utepe, akapigiwa makofi, akaenda zake. Fundi ni mimi. Nimebaki na mtetemo.
Maboriti ya jukwaa yamechomekwa kwenye ukuta wa jirani, Bi Somoe. Nyufa zimeanza. Nyumba hiyo aliijenga na marehemu mumewe, na ameapa hatoki. Nikimwamkia anaitikia bila kunitazama.

Jumatano, 6 Machi
Nimekata tairi la lori, nikaweka vipande chini ya miguu ya mashine. Kozini tulifundishwa kwamba mpira unameza mtetemo. Nikawatangazia mpaka akina mama wa kwenye foleni. Kuwasha tu, jukwaa zima likacheza. Debe la unga likamwagika. Wamenicheka. Aibu, na hasira juu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeongeza mpira. Imezidi kutetemeka. Ujinga wangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi
Nimelala chali chini ya jukwaa, mashine ikinguruma. Mbao zinanesa! Mpira hauna kigumu cha kukalia. Wenyewe unanesa, mbao nazo zinanesa, na maboriti yanampelekea Bi Somoe mtetemo wote. Dawa ni kuishusha, kumwaga zege ardhini mbali na ukuta, mpira ukae juu ya zege.
Nimemwambia Mwenyekiti wa ushirika. Jibu lake: "Ndugu fundi, mgeni rasmi kaizindua hapohapo. Sie nani tuihamishe?" Eti suala liende kikaoni. Nimechoka na vikao.

Jumanne, 12 Machi
Kikao. Tumejadili rangi ya kupaka jukwaa. Hoja yangu imeahirishwa.
Nilitaka kuizima mashine. Lakini madukani unga hakuna, na foleni imefika Barabara ya Kilwa. Nimesaga huku roho inaniuma.

Jumamosi, 16 Machi
Bonge la udongo limeng'oka ukutani, likaangukia kitanda cha Bi Somoe. Bahati alikuwa uani, anaosha vyombo. Nimezima mashine bila kumuuliza mtu. Foleni imenitukana vya kutosha. Mwenyekiti akaja anafoka, akaingia chumbani mle, akatoka akamtuma mtu dukani. Kabla ya magharibi simenti ilishafika.

Alhamisi, 28 Machi
Mashine iko chini, kwenye msingi wake wa zege, mpira katikati. Jukwaa tumelibomoa, ukuta tumeuziba. Inasaga vizuri.
Nimeingia kwa Bi Somoe, nikaweka kiganja ukutani. Umetulia kabisa. Nilitamani naye aguse.
Binti yake alikuja kumchukua Jumapili, wakaishi wote Mwananyamala. Ufunguo Bi Somoe kamwachia Mwenyekiti. Kamwambia chumba tuwekee magunia.