Mwezi Bila Kipande cha Mlangoni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, miwani iko usoni, na hasira zimepungua kidogo. Sisi huku hatujambo. Mchumba wako, yaani mjukuu wako, ameng'oka jino la mbele na anasema hataki umwone mpaka liote jingine, maana unaweza kumwacha. Mke wangu anakuamkia. Mama mkwe wangu naye anakusalimu; yuko kwetu tangu mvua zianze, na mvua zimekwisha zamani lakini yeye bado yupo, na safari hii nashukuru, kwa sababu utakazozisoma huko mbele. Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie dawa ya kuchua aliyoiomba nimeipata.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Nikisema neno la pili unakata. Barua huwezi kuikata, labda uichane, na najua wewe si mtu wa kuchana kitu kabla hujajua kina nini ndani. Ila nakuomba jambo moja: isome peke yako. Kama miwani imepotea, ingoje ipatikane. Usimpe Mama akusomee.

Ujumbe wako ulifika. Dereva anayetuletea nyama kutoka machinjioni aliufikisha mbele ya wateja, kwa sauti yako, na kidole alikinyoosha vilevile unavyokinyoosha wewe. Alisema umesikia kwamba sili tena kipande cha mlangoni, na kwamba ama nirudi kukila, ama nishushe jina lako kwenye ubao wa duka, kwani hukusimama kwenye sakafu ya saruji maisha yako yote ili jina lako likae juu ya bucha ambayo mwenyewe anaogopa nyama yake. Wateja walicheka. Mimi sikucheka, Baba. Iliniuma.

Ulichosikia ni kweli. Mwezi mzima sikutia nyama mdomoni. Wala samaki, wala mayai, wala maziwa, hata yale ya kwenye chai. Sababu ya kweli ninayo, na nimeiweka mwisho kwa makusudi, maana ningeitanguliza ungeikunja barua na kuiweka chini ya redio, na hapo ndipo mambo mengi usiyoyataka yanapolala. Kwa hiyo nivumilie.

Sijasahau ulivyonifundisha kwenye bucha yako, hiyo unayoisimamia mpaka leo. Mchana, duka linapojaa, mwenye bucha anakata kipande kutoka kwenye nyama ileile iliyotundikwa, anakichoma kwenye jiko dogo la mkaa pale mlangoni, na anakila amesimama watu wakimwona. Ulisema hakuna tangazo linaloshinda hilo. Mteja akiona unatafuna unachomuuzia, hana haja ya kunusa. Nami nimetafuna miaka yote, hata siku nilizokuwa na homa.

Nilipoanza mwezi wangu, siku za mwanzo zilinitoa jasho. Kichwa kiliniuma, nikawa mkali bila sababu, nikamgombeza hata paka. Hebu fikiria unakata mbavu asubuhi hadi jioni, halafu unakwenda nyuma ya duka kula kabichi ya kuchemsha. Maharage nayo yalinifanyia visa; tumbo lilinguruma mpaka mteja mmoja akaniambia niite fundi aangalie friji. Mjukuu wako alimuuliza mama yake ni kosa gani nimefanya hata nikaadhibiwa hivi.

Kila aliyeniuliza nilimpa sababu yake. Mke wangu nilimwambia nataka kupunguza kitambi. Mwenye mgahawa wa kona, yule mama anayechukua nyama nyingi kuliko wote, nilimwambia ni jino. Fundi viatu wa jirani alisema nimehamia dini ya wala majani, nikamwachia aamini hivyo kwa sababu ilimfurahisha. Uongo ukiwa mmoja unaushika, ukiwa wa aina tatu unakutana wenyewe barabarani. Mwenye mgahawa akamuuliza mke wangu jino langu linaendeleaje, mke wangu akamwuliza jino gani, na kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba muuza nyama anaficha kitu.

Walichokidhani unaweza kukibuni. Walisema nimejua nyama yangu ina dosari ndiyo maana nimeacha kuila. Basi wakahamia kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, yule anayekenua meno hata akikupunja. Naye hakufanya ajizi. Alilitoa jiko lake nje kabisa, akawa anakula vipande viwili, kimoja kwa ajili yake na kimoja, nadhani, kwa ajili yangu. Nilikuwa nasimama nyuma ya meza na aproni safi isiyo na tone la damu. Kwa mtu wa kazi yetu aproni safi saa za mchana ni aibu, wewe unajua.

Lakini jambo lililonitikisa zaidi lilitokea nyumbani. Nilirudi nikamkuta mke wangu jikoni, ameinamia sinia la dengu anachambua, machozi yanadondokea humohumo. Nilidhani wamemsema mtaani. Kumbe hapana. Aliniambia amenijua miaka mingi na kitambi hakijawahi kunikosesha usingizi, kwa hiyo anajua ninaumwa. Alisema daktari amenipa habari mbaya nami nimeona nimfiche, na kwamba kila nikilala yeye anabaki macho anasikiliza kama bado napumua. Alikuwa ameanza hata kufikiri namna ya kumweleza mtoto. Yote hayo alikuwa anayabeba peke yake huku ananipakulia chakula na kuniuliza kama chumvi imekolea.

Nilijiona mjinga, Baba. Mimi nilidhani ninamwepusha na hofu, kumbe nimemtwisha hofu kubwa kuliko jambo lenyewe. Nikaketi pale kwenye kigoda nikamwambia ukweli wote, na ukweli huohuo nitakuambia nawe huko mbele. Alilia tena, lakini kilio kingine. Kisha akajipangusa akasema kama ni hivyo, chakula cha nyumba nzima kitabadilika, na mimi niache kula kabichi kama mfungwa.

Tangu siku hiyo nimekula, nisikudanganye. Amenipikia dengu kwa nyanya na vitunguu vingi, maboga ya karanga, viazi vya kuoka vyenye limau. Uyoga akiukaanga na pilipili hoho, ukifumba macho unaweza kudhani ni maini, ila ufumbe sana. Kichwa kiliacha kuuma. Viatu vilivyokuwa vinanibana jioni havibani tena. Sisemi nimekuwa malaika. Nikipita karibu na jiko la yule jirani mate bado yananitoka. Ila ninasimama dukani mpaka kufunga bila kutafuta ukuta wa kuegemea.

Na bucha? Bucha imeokolewa na mama mkwe. Alisikia maneno ya mtaani akakasirika, kwani bintiye anakula hapohapo. Akatoa kiti, akakiweka mlangoni, akaniamuru nimkatie kipande, akakichoma mwenyewe na kukila mbele ya watu, polepole, kwa meno aliyobaki nayo. Kisha akatoa hukumu. Siku ya kwanza alisema nyama ni nzuri lakini mkwe wake hajui kukata. Siku nyingine alisema ile ya paja ni ngumu, watu wachukue bega. Watu wakamwamini kuliko walivyowahi kuniamini mimi, maana wote wanajua mama yule hawezi kunisifia bila kulazimika. Mwenye mgahawa alirudi wa kwanza. Sasa watu wanakuja mchana wamsikilize tu, na wakishacheka wananunua. Duka linajaa kuliko zamani, na mimi mdomoni sijatia kitu.

Nimekueleza hilo kwa urefu kwa sababu ndilo nililotaka kulijua: kama mwenye bucha anaweza kuacha kula nyama na bucha ikaendelea kusimama. Inaweza, Baba. Nimejaribu kwa duka langu mwenyewe ili usije ukaniambia ninasema tu.

Sasa nifike penyewe. Shangazi alitutembelea kabla sijaanza mambo haya. Aliomba nimfungie maini, na kabla sijayaweka mezani akaanza kulia. Najua uliingia naye kwa daktari ukidhani ni mambo ya macho, na daktari akazungumza Shangazi akiwa kwenye kiti cha pembeni. Najua daktari amekuambia figo zako zimechoka. Najua amekutaka uache nyama, mayai na maziwa kwa mwezi mmoja, kwa kuanzia, kisha urudi upimwe, na kwamba ukiendelea hivihivi litakuja suala la mashine ya kusafisha damu. Najua pia ulichomwambia Shangazi mlipokuwa mnashuka ngazi: kwamba majani ni chakula cha ng'ombe, kwamba siku watu watakapokuona huli kipande cha mlangoni duka litakufa kabla yako, na kwamba atakayemwambia Mama atakuwa amekuzika mapema.

Usimgombeze. Alikaa na siri hiyo mpaka ikamkondesha, na unajua Shangazi si mtu wa kukonda.

Ndiyo sababu yangu. Sina nyingine. Ningekuja kukusihi ungeniambia mimi ni mtoto, sijui kazi, sijui njaa. Kwa hiyo niliona nianze mimi. Nile hicho chakula cha ng'ombe, nisimame kwenye mlango huo mtupu unaouogopa, halafu nije kwako nikiwa na kitu cha kukuonyesha. Niliogopa, Baba. Kuna siku duka lilikuwa kimya nikasema basi, nachoma kipande, yaishe. Kisha nikakuwaza kwenye ngazi zile, umeshika chuma cha pembeni, unamkataza dada yako asiseme. Nikaliacha jiko lilivyo.

Nimeonana na mtaalamu wa lishe wa hospitali ya hapa. Ameniambia si kila nilichokula mimi kitakufaa wewe, na hata maharage kwa figo zako yana kipimo chake. Kwa hiyo hatutabahatisha. Nitakuja Jumamosi, tutakwenda kwa daktari wako pamoja, nawe utamuuliza kila kitu, hata yale unayoyaona ni ya kipuuzi. Kwenye bucha yako nawe weka kiti mlangoni kama hiki cha mama mkwe, umkabidhi Shangazi. Amekuwa akikidoea kipande chako tangu mimi sijazaliwa.

Kuhusu jina lako kwenye ubao, sema neno nami nitapanda ngazi nilishushe. Bucha bila jina lako itauza. Mimi bila wewe sijui nitamwuliza nani nikikosea, wala nani atanikatia simu.

Nabakiwa na ombi moja, nalo ni gumu kuliko la nyama. Mama mwambie wewe. Mimi sijamwambia na sitamwambia. Lakini nimeona kwa macho yangu jinsi mwanamke anavyochambua dengu akiwa anamzika mumewe kimoyomoyo, naye mumewe yuko chumba cha pili anavua viatu. Mama anakujua kuliko mke wangu anavyonijua mimi. Usifikiri amelala pale unapodhani amelala.

Msalimie sana. Mjukuu wako amechora picha yako, nimeiweka ndani ya bahasha. Panga amelifanya kubwa kuliko wewe. Mama mkwe anasema utafute nyama laini umtumie, hii yangu inammaliza meno.

Mwezi wangu ulikwisha juzi. Mke wangu aliniuliza anichomee nini, na kipande alikuwa amekwisha kukichagua, kizuri, chenye mafuta pembeni. Nilimwambia akiweke. Nakungoja wewe uanze wako, maana sitaki uuanze peke yako.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako.