Petroli Safi

Lushoto,
Ijumaa mchana.

Kwa kaka yangu mpendwa Rashidi,

Assalaam alaykum, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Zirai, wewe na wifi Halima, na iliki zenu zinawapa moyo. Sisi huku hatujambo. Mama miguu inamsumbua kwa baridi hii, ila mdomo uko palepale. Leo amenigombeza kabla hata chai haijachemka. Anakusalimu sana na anauliza lini utapanda mlima. Tangu uondoke hujaja hata Idi moja, kaka, nami nimechoka kukutungia visingizio.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ninayo. Tulia, kaa chini, usome mpaka mwisho. Haya si maneno ya kusema huku mtandao unakatika.

Habari ya kwanza, dada yako naendesha pikipiki. Cheka umalize. Nilichoka kuwabembeleza wale vijana wako wa kijiweni wanibebee njegere, maana siku za mvua wanajifanya wafalme. Mzee Fanueli, baba yake marehemu Kristian, alinikuta nimekaa juu ya gunia langu nimenuna, akasema atanifundisha mwenyewe. Mama alilalamika kwamba msichana kuvaa suruali na kupanda pikipiki ni aibu kwa ukoo mzima. Akasema pia kwamba kwa mzee yule tangu mwanawe afe hapafai kukaa sana. La suruali nililipuuza. Hilo la pili, kaka, ningelisikiliza.

Unazikumbuka pikipiki zake mbili kuukuu, za kupandia mawe na magogo, alizoachiwa na wale wageni wa misitu aliokuwa fundi wao. Kiti ni jina tu, unaendesha umesimama wima. Ya buluu ndiyo niliyojifunzia. Nyekundu, ile iliyomwangusha Kristian, ilikuwa imefunikwa turubai pembeni ya banda, na mimi nilikuwa napita mbali nayo.

Kazi yote ilikuwa kwenye mkono wa mafuta, ule wa kuongezea mwendo. Siku ya kwanza nilivuta kama nilivyoona ninyi mnavyovuta, ikaniruka ikaniacha nimekaa kwenye kabichi za watu. Mzee hakucheka. Alisema mafuta hutiwa kama chumvi kwenye maharage, kidogo, kisha unaonja. Akanizungusha kwenye matuta ya kabichi polepole kuliko bibi anayetoka kisimani, vidole viwili kwenye mafuta, kimoja kwenye klachi, na mguu usiguse chini. Nikigusa, tunaanza upya. Nilimchukia wiki nzima, halafu siku moja nikapanda lile jiwe la nyuma ya banda lake bila kutetereka, nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Lakini alikuwa na haraka, kaka, haraka isiyo ya mtu anayefundisha. Kila nikishika jambo alikuwa anasema vizuri, bado machache. Akanipa spana zake. Akampa jirani mbuzi. Nikakuta turubai limeondolewa na nyekundu imefunguliwa injini, anaifunga upya kipande kwa kipande, asubuhi ukungu haujaondoka.

Ndipo tukafika somo la kushuka. Mimi nilifanya kama sisi sote wa milimani, mteremko ukianza unafunga mafuta kabisa, unaiachia iserereke. Alinipigia kelele kwa mara ya kwanza. Alisema hizi si kama pikipiki za kijiweni, hizi hazina oili yake chini ya injini. Oili yake inachanganywa kwenye petroli, inaingia pamoja na mafuta unayovuta, kwa hiyo hata ukishuka lazima uifungulie kidogo inywe. Isipoipata, pistoni inakauka na kukamata, gurudumu la nyuma linafungwa ghafla, na ukiwa kwenye kona basi.

Nikamwuliza kama ndivyo ilivyokuwa kwa Kristian. Akanionyesha pistoni ya siku ile, kavu, imekwaruzika yote. Alisema watu wanasema ni mwendo kasi, lakini yeye aliifungua injini na anajua. Asubuhi ile alichanganya mafuta kwa mkono wake na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo aliweka oili pungufu. Alisema amemuua mwanawe. Alilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja jina lake. Kisha akasema Jumamosi hii atashuka mwenyewe na nyekundu njia ileile ya Mazinde, kwa mchanganyiko uleule aliouchanganya siku ile, apate uhakika. Ikikamata kwenye kona ile aliyoangukia Kristian, atakuwa amejua, na mimi nitunze ya buluu.

Hayo yalikuwa jana; nilirudi nyumbani jioni. Nikakaa jikoni, na hapo jikoni, kaka, ndipo nilipokukumbuka wewe.

Asubuhi ile ya ajali uliingia kunywa chai unanuka petroli, unacheka. Ulisema Kristian ameazima pikipiki ya baba yake kwa kuwa mvua imeharibu njia, anakwenda kwa mchumba wake Secilia huko Mazinde, ameiacha kijiweni dakika chache, nawe ukafungua tanki ukakuta petroli ina rangi na harufu ya ajabu. Ulisema wamemuuzia mafuta yaliyochakachuliwa, ndiyo maana inafuka moshi kama jiko la kuni. Ukaimwaga yote mtaroni, ukamjazia petroli safi mpaka juu, wala hukumwambia, ili afike ukweni bila moshi wa aibu. Mama alikusifu. Hata mimi nilikusifu, kumbe rangi ile ndiyo oili yenyewe. Na ukungu ulivyokuwa mzito, Kristian angeuonaje moshi kwamba haupo?

Sijui kama ulijua. Najua uliondoka kabla matanga hayajaanuliwa, wewe uliyekuwa rafiki yake kuliko wote. Hilo limeninyima usingizi. Nakupenda kaka, lakini mzee wa watu anakwenda kujiua kwa kosa ambalo si lake, nami nijaze mdomo maji? Sikuweza. Leo asubuhi nilikwenda bandani, nikampigia magoti, nikamwambia yote, na jina lako nikalitaja.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye lile jiwe langu, akafuta mikono kwa kitambaa, akakifuta tena. Kisha akauliza unakaa wapi siku hizi. Nilimwambia. Akachanganya petroli na oili mbele yangu, akanipa kopo nimpimie kwa sababu ya macho yake, akajaza tanki la nyekundu. Ilipowaka ilifuka moshi hadi nikakohoa. Nilimwuliza anakwenda kukufanya nini. Alisema hajui, atajua akikuona. Akaniambia niandike kila kitu, asije akasahau kitu njiani.

Anapitia njia ya Mazinde, palepale. Nimemkumbusha aifungulie mafuta kidogo kila kona, akaniitikia kama mtoto.

Basi kama barua hii imekufikia, ameshuka salama, na ndiye aliyekukabidhi. Amesimama mbele yako sasa hivi wakati unasoma. Kaka, kunja karatasi hii, umwamkie, umkaribishe ndani, wifi ampe maji. Akikuuliza kama ulijua, mjibu yeye, usinijibu mimi.

Msalimie wifi, na majirani zenu wema. Mama hajui lolote. Amesimama mlangoni anauliza mzee wa watu anayenisubiri nje anakwenda wapi na moshi wote ule.

Ni mimi dada yako ninayekuombea,
Nasra