Mafundo Nyuma ya Mlango

Wingwi, Pemba
Alhamisi

Kwa dada yangu Mwanaisha,

Assalamu alaykum. Kabla hujasoma zaidi, igeuze bahasha uitazame. Nitaifunga kwa gundi ya skuli, na juu ya gundi nitapitisha uzi mwekundu, mishono saba. Ukikuta sita, jua kuna mkono umepita njiani. Ataichukua Mwalimu Raya, Muunguja mwenzetu anayesomesha hapa, anakwenda likizo Jumapili. Naye simwamini sana, maana juzi nilimwona anasemezana na wifi yangu na waliponiona wakanyamaza. Lakini sina mwengine.

Haya, hujambo? Shemeji hajambo, watoto hawajambo? Presha ya Mama vipi, dawa anakunywa au bado anazificha chini ya mto? Mimi ukiuliza mwili, ni mzima. Tumbo limeingia mwezi wa saba, na mtoto anapiga mateke mpaka nguo inatikisika. Ukiuliza roho, dada, ndiyo nimekaa chini nikuandikie.

Utasema kwa nini nisipige simu. Simu sinayo. Mavyaa wangu, Bi Time, mama yake Faki, kaichukua akasema haishiki chaji, kaipeleka Konde kwa fundi. Hii inakwenda wiki ya sita. Fundi gani anatengeneza simu wiki sita? Nikiuliza, anasema, "Vumilia, mwanangu, kifaa hakijaja." Na simu ya Faki nayo, Bi Time kasema imeingia maji huko dago, ndiyo maana hapigi. Simu ya mume imekufa na simu ya mke imekufa, zote katika siku tatu. Nikasema haya, mimi wa mjini, lakini si mjinga.

Unakumbuka Faki alitoka hapa mimba ina miezi miwili, akaenda dago na watu wa Kojani, kambi yao ya uvuvi iko huko pwani ya bara. Kila wakishuka nchi kavu alikuwa ananipigia. Ananiuliza nimekula nini, ng'ombe katoa maziwa mangapi, nisinyanyue ndoo. Kuhusu ndoo alikuwa mkali kweli, kwa ajili ya zile mimba mbili zilizotoka. Ya kwanza nilikuwa natoka kisimani. Ya pili, nilikuambia, niliipoteza juu ya gari la ng'ombe kabla hatujaifikia barabara ya lami, na Bi Time ndiye aliyenishika kichwa.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja alikuja mkwezi, yule anayetuangulia nazi. Hakupanda mnazi. Alimwita Bi Time nyuma ya banda la ng'ombe, wakasema maneno yao, kisha Bi Time akavaa buibui akaniambia anavuka Kojani kumtazama mgonjwa. Akarudi alasiri, hana sauti. Nikamuuliza mgonjwa anaendeleaje, akasema, "Mungu anajua." Hakula. Jioni ile ile ndipo aliponiomba simu yangu.

Tangu siku hiyo, dada, mimi nimo kifungoni. Kanga zangu zote za rangi kazitia sandukuni kwake, kanipa nguo zilizochujuka hata ua halionekani. Kioo kakiondoa ukutani, ati kimelegea msumari. Wanja hataki, udi hataki, hina niliyokwisha kuitwanga kaimwaga kwa kuku. Akipita mwanamme, naambiwa niingie ndani. Hata shemeji yangu Hamad, mdogo wake Faki, ambaye nimempikia miaka minne hii, sasa anasemea nje ya ua na macho yake chini. Tangu lini nimerudi kuwa mwali?

Kisimani siendi. Kwenye mwani siendi, kamba zangu nimeambiwa kachukua wifi. Maji anateka Bi Time mwenyewe na goti lake lile bovu, namsikia anavyohema akiitua ndoo. Maziwa yote napewa mimi. Ungedhani ni mapenzi. Mimi nikajiuliza, mtu anamnonesha mwenzake kwa sababu gani? Nikaanza kumwachia kuku auonje kwanza uji wangu. Cheka ukitaka.

Nyuma ya mlango wake nikaona kijikamba cha usumba wa nazi kimetundikwa, kina mafundo. Nikayahesabu, thelathini na tatu. Siku ya pili yake thelathini na nne. Leo arubaini. Kila Alfajiri akishasali anafunga moja, midomo inamcheza. Wewe mwenyewe siku ya harusi yangu ulinitania kuwa Pemba nitafungwa kwa kamba nisijue. Nilicheka siku ile. Sasa nikiingia chumbani kwake nasoma Ayatul Kursiy mara tatu.

Na wiki iliyopita nilimsikia jirani juu ya ukuta wa makuti anamuuliza wifi yangu Bikombo, "Yule kizuka wenu keshala?" Bikombo akamwambia, "Nyamaza! Mwenyewe hajui." Kizuka, dada! Kile alichokuwa Bibi akitutishia tusitoke nje magharibi. Ndani ya nyumba hii kuna kizuka kinalishwa, na mwenyewe nisiyejua ni mimi. Au ni mimi ndiye wanayesema nimeingiliwa. Usiku ule sikufumba jicho.

Lakini hayo yote ningeyameza. Leo asubuhi Bi Time alipokwenda kukata majani ya ng'ombe nilifungua sanduku lake kutafuta kanga zangu. Chini kabisa nikakuta kikoi cha Faki. Kile cha buluu nilichokipinda ncha mwenyewe kwa uzi wa njano kwa sababu mweupe uliniishia. Alikwenda nacho dago. Nilikitia kwenye mkoba wake kwa mkono wangu.

Basi nikaelewa. Faki karudi. Yuko Kojani, na huyo mgonjwa wa Kojani ni bibi harusi. Mume wa Bi Mkasi, jirani yetu, alifanya vivyo hivyo, alitoka dago na mke, akamweka miezi mitatu watu wote wanajua isipokuwa mwenyewe. Ndiyo maana naambiwa nikae ndani, ndiyo maana sina simu, ndiyo maana kila mtu ananitazama kwa huruma kisha anatazama pembeni. Natamani huyo mwanamke asimzalie hata panya. Namwombea Faki mabaya ambayo sitayaandika.

Njoo unichukue, Mwanaisha. Usipige simu kwa Hamad, atasema. Shuka Wete, chukua gari, njoo moja kwa moja. Afadhali nizae mikononi mwako. Na mimi kesho nitakwenda Kojani nimwone kwa macho yangu, akinikana anikane mbele za watu.

Jumamosi

Dada, haya ya juu nilitaka kuyachana. Nimeyaacha uyaone, ujue nilivyokuwa nikimdhania yule mama.

Jana nilivaa buibui, nikatia nguo mbili kwenye mkoba nikatoka. Bi Time alikuwa anakamua. Aliponiona aliinuka na ndoo mkononi.

"Kwenda wapi?"

"Kojani, kwa mume wangu. Kikoi chake nimekiona. Sasa nataka kumwona mwenyewe na huyo mke wake."

"Rudi ndani."

"Sirudi."

Akaja mbio na goti lake lile, maziwa yakamwagika yote, akasimama kwenye mlango wa ua kanyosha mikono huku na huku. "Rudi, mwanangu, nakuomba. Kizuka hatoki!"

Nikampigia kelele mpaka kuku wakatawanyika. Nikamwambia mimi mtu, nala mchana, nasali, nina mtoto tumboni, kizuka wake amtafute kwengine. Akanitazama. Akaniuliza:

"Kwenu kizuka nini?"

"Shetani. Si ndiyo mnavyoniita?"

Akakaa chini pale pale, juu ya tope la maziwa. "Kwetu siye kizuka ni mwanamke alofiwa na mumewe," akasema. "Mwanamke alo edani."

Wewe mkubwa, bila shaka ulishajua tangu kwenye nguo zilizochujuka. Bibi alipokaa eda ya Babu mimi nilikuwa na miaka mitatu, nakumbuka chumba kina giza tu. Mjini tunasema yuko eda, basi. Neno hilo kwa maana hiyo sikupata kulisikia kwa mtu.

Ngarawa yao ilipinduka. Walikuwa sita, wawili waliogelea wakaokotwa, na hao ndio waliorudi Kojani na mikoba ya wenzao iliyokuwa imebaki kambini. Faki hakuonekana. Wale wawili wanasema alikuwa ameshika ubao, kisha hawakumwona tena. Mwili haukupatikana.

Nikamuuliza kwa nini hakunambia. Sikuuliza kwa adabu. Akasema, "Nlichelea, mwanangu. Mbili zishatoka, nami nlizishika kwa mikono hii. Nkakwambia na hii ikatoka, n'tabaki na nini cha Faki? Na nkakwacha utoke na hina na wanja, na kama kweli kafa, eda i juu yako, Mungu ataniuliza mie. N'fanyeje? Nkakukalisha." Shehe alimwambia aniambie. Alimjibu kila mara kuwa anangoja tumbo lishike.

Nikamuuliza na ile kamba. Nilidhani anahesabu eda yangu. Kumbe mwenye mimba eda yake inaisha siku anapojifungua, haina haja ya kuhesabiwa. "Ile ya Faki," akasema. "Kila siku isomleta nafunga moja. Akija n'tayafungua yote mbele ya macho yake, ajue alivyotuweka."

Siku arubaini, dada. Siku arubaini nimemshuku mume wangu, na juzi nikamwapiza kwa ajili ya bibi harusi asiyekuwepo, na huenda maskini yuko chini ya bahari. Nimemnyima hata Fatiha moja. Hilo halinitoki, na nina hasira. Mkwezi alijua, Bikombo alijua, Mwalimu Raya alijua, mwenye mume hakujua. Wamenilia msiba wangu nyuma ya ukuta. Nimemwambia Bi Time hivyo hivyo.

Lakini jana usiku tulipolia, nilimsikia yeye analia na mwisho hana. Ndipo nikatambua kuwa mama huyu kafiwa na mwanawe, na muda wote huu hakutoa sauti kwa kuniogopea mimi. Alikuwa akihema na ndoo zangu, na mimi nikimpa kuku uji wake aonje.

Basi usije kunichukua. Kizuka hahami. Nitazaa hapa. Hamad keshasemezana na mwenye gari jirani, mwezi ukikaribia nitapelekwa mapema nikakae Wete kwa shangazi yake Faki, karibu na hospitali, shehe kasema dharura hiyo inakubalika. Gari la ng'ombe sitapanda tena. Njoo tu, ukae nasi siku mbili tatu, uniletee kitambaa laini cha kumfunikia mtoto.

Sitakuficha lililobaki. Maadamu mwili haukuonekana, sijui nilie au ningoje. Kila anayepita nje ya ua nasikiliza mwendo wake. Leo nilimdhania hata mkwezi kuwa ndiye, kwa kuwa kakohoa kama Faki. Asubuhi Bi Time hakuweza kuinuka kwa lile goti. Akanionyesha kamba kwa kidole. Nikaenda nyuma ya mlango nikafunga fundo la leo mimi mwenyewe.

Neno la mwisho, na hili unisikilize vizuri. Mama usimwambie. Presha yake haitahimili, na Faki alimpenda kuliko sisi. Akiuliza, mwambie Faki bado yuko dago na simu yake imeingia maji. Najua ninachokuomba, na najua nani kanifundisha. Mwambie hivyo hivyo mpaka nijifungue.

Nisalimie shemeji, mumeo, na mwambie asimfanyie Mama mzaha wa Pemba mbele ya watoto. Nisalimie Mama mdogo wa Makunduchi, na jirani yetu Bi Nunu wa mandazi, asiyejua kuficha neno, kwa hiyo kwake sema salamu tu. Busu watoto. Bi Time anakusalimu, yuko hapa karibu ananitazama nikiandika. Sikumficha karatasi.

Bahasha nimeishona, mishono saba. Nimeishona kwa mazoea tu.

Mdogo wako akupendaye,
Riziki,
kizuka wa Bi Time