Mzabibu wa Susu Unanyauka

Jumanne, Kasikeu

Kutoka hapa hadi Ikutha hakuna daktari wa mimea wa kunishinda. Shule niliacha darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na vya kunifundisha.

Leo wajuaji walikuja kuangalia mzabibu wa susu, nyanya yetu, ule babu alimpandia kabla hajafariki. Majani yamelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Mjomba Mutua akasema ni mchwa, akamwaga jivu debe zima. Mchwa gani, na hata mmoja hatukuona? Muuza dawa wa sokoni akasema ni ukungu. Yule hata ukungu wa mkate wake haoni!

"Na wewe profesa, unasema nini?" mjomba akanicheka.

"Ni maji ya sabuni," nikasema. "Mwendi akifua anamwaga hapo kila siku."

Mwendi ni bibi ya kaka yangu. Susu akamgeukia: "Kumbe ni wewe umeniulia mti wa mzee wangu?"

Mwendi alichukua karai lake akaingia kwake, na chakula cha jioni hakuja kula na sisi.

Wote walinisifu. Lakini hakuna aliyeuliza kuhusu ule mtaro niliochimba wiki jana kando ya shina, wa kukinga maji ya mvua. Jembe lilikata mizizi minene kama kidole gumba. Niliiona. Nikaifukia haraka kabla susu hajatoka jikoni.

Mwendi hana makosa. Ni mimi.