Kadi Yangu Shuleni Inasema Yaya

Bi Mwajuma mpendwa,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na nakuomba unijibu upesi, kwa sababu Jumatano ijayo ni siku ya wazazi shuleni kwa mwanangu, na mpaka naandika hivi sijui kama mimi nahesabiwa mzazi. Jina langu silitaji, mbele utaona sababu, wewe niite Mama Riziki tu.

Sisi ni watu wa Tanga, tunakaa Muaither, hapa Doha, mume wangu Suleimani ni mkuu wa madereva katika hoteli moja ya Al Sadd, na mimi nchi hii niliingia kabla yake, nikafanya kazi za ndani kwa Waarabu kule Umm Salal, nikapika, nikafua, nikalea watoto wa watu mpaka wakawa hawalali bila mimi, kisha Suleimani akanioa, na siku ya ndoa alisema mbele ya shangazi zangu kwamba kuanzia leo huyu hatalea tena mtoto wa mtu. Siku hizi nikimkumbusha maneno hayo ananiambia nisifukue makaburi.

Riziki alipofika umri wa kuanza shule tuliangalia shule tatu. Ya kwanza ni ya Wahindi, iko karibu na kwetu, nilikwenda mwenyewe kwa miguu, mwalimu mkuu akanipa chai ya maziwa na tukaelewana kwa Kiingereza chake na changu cha darasa la saba, ya pili ni ya Wasudani, kule mambo yote ni Kiarabu na Kiarabu mimi nakimudu, na ya tatu ndiyo hii ya Waingereza yenye uwanja wa nyasi za kijani kweli kweli na walimu wanaoitwa kwa majina yao kama wenzao wa rika. Hoteli inalipia ada watoto wa wakuu wa vitengo, kwa hiyo fedha haikuwa kikwazo, na Suleimani hakutaka hata kusikia habari ya zile mbili, alisema Bradley, mtoto wa meneja wake, anasoma pale, na yeye hakuja Doha kuzaa dereva mwingine.

Sasa shule ile haimpokei mtoto mpaka imkalishe na baba yake na mama yake ofisini, iwaulize mnamsomea vitabu gani, mnaongea naye lugha gani, anapenda nini. Suleimani akaniambia hii ni ya Kiingereza, mke wangu, wewe pumzika, nitakwenda na Millicent. Huyo Millicent ni Mkenya, yuko mapokezi hotelini kwao, Kiingereza kinamtoka bila kukwama. Mimi sikushtuka, Bi Mwajuma, nakwambia kweli, maana kwetu Tanga kwenye mkutano wa wazazi anakwenda mwenye nafasi, mimi mwenyewe mama alinijia shuleni mara moja tu, siku nyingine zote alikuja mama mdogo au jirani yetu mwenye sauti kubwa, na hakuna mwalimu aliyeuliza, mzazi ni yeyote aliyefika ameoga. Millicent ni Mkristo, hana abaya, basi nikampa yangu ya harusi, nikamfunga mtandio kwa mikono yangu na pini zangu, nikamwambia umependeza Mama Riziki, tukacheka sote.

Kumbe hapa si Tanga. Siku ile ile walimpiga picha na kumtengenezea kadi ya mama, picha ni yake na jina ni langu, ndiyo maana nimeona uvivu hata kulitaja. Na mimi, ili nipate kuingia kumchukua mtoto, Suleimani akaniandikisha yaya. Kadi ya mzazi ni ya buluu na ya yaya ni ya kijani, na milango ni miwili, wenye buluu wanaingia ukumbini kwenye kiyoyozi, wenye kijani tunasubiri upande wa mabasi chini ya turubai, na joto la hapa unalijua. Nasimama pale na wenzangu Wafilipino na Waethiopia, wananiuliza kama bosi wangu ni mkali, nawajibu si mkali sana.

Mwanzoni Riziki alikuwa akiniona anakimbia huku ananiita mama, baba yake akamkanya. Sasa ana miaka saba na hahitaji kukanywa. Mwezi uliopita huyo Bradley alimuuliza mimi ni nani, nami nimesimama pale pale, Kiingereza changu ni kidogo lakini maneno yale nayajua, niliyasikia sana Umm Salal. Mwanangu akamjibu, "Huyu anafanya kazi kwetu." Hakusita. Akanipa begi nibebe, akatangulia. Nyumbani nilimuuliza, akasema baba ndiye aliyesema ajibu hivyo, kisha akaniomba kwa adabu kabisa, "Mama, ukija shule usiongee."

Hilo nililimeza. Lililonishinda ni homa. Riziki alishikwa na homa darasani, shule ikampigia Millicent kwa sababu namba ni yake, Millicent akanipigia mimi, nikakamata teksi nikaenda mbio na kadi yangu ya kijani shingoni. Mwanangu amelala kwenye kitanda cha chumba cha nesi, midomo imekauka, nataka kumbeba, nesi akanizuia, si kwa ubaya, alinishika bega kabisa, akasema, "Sorry sister, madamu lazima aseme kwanza." Akapiga simu na kuiweka sauti ya juu, akanisogezea. Nikasema, "Madamu, naomba ruhusa nimchukue mtoto." Millicent akasema ruhusa ipo, na sauti yake ikakatika. Riziki alikuwa amefumbua macho, alisikia yote.

Jioni ile Millicent alikuja nyumbani, akanirudishia abaya yangu imefuliwa na kupigwa pasi, akaniambia, "Mama Riziki, hii maneno imenishinda. Mimi niliacha kijana wangu kwa nyanya yake Kisumu, shule yake sijawahi enda hata siku moja. Siwezi endelea kukaa kwa kiti yako." Suleimani amemsihi aende Jumatano hii tu, naye amesema hataenda mpaka mimi mwenyewe nimwambie nenda. Kwa hiyo jambo liko mkononi mwangu. Suleimani anasema nikifungua mdomo shule itamtoa mtoto, hoteli itapata habari, naye ataonekana mwongo kwa wakubwa zake, anasema nivumilie mpaka Riziki amalize shule ya msingi, ananiuliza, "Mtoto anasoma, wewe unataka nini tena?" Nami sina jibu, maana ni kweli anasoma, anasoma vizuri, na nikimtoa pale kwenye nyasi zake nimpeleke kwa Wahindi atanichukia. Nimefanya kazi za ndani miaka mingi, Bi Mwajuma, na mabosi wangu wote nilikuwa nawaaga mwisho wa mkataba. Huyu wa sasa nimemzaa.

Nifanye nini?

Mama Riziki, Muaither

*

Mama Riziki,

Marahaba. Barua yako niliisoma nikaiweka, nikaenda jikoni nikaunguza wali, nikarudi nikaisoma tena. Hasira haijanitoka, kwa hiyo utanivumilia, maana kuvumilia nimeona unakuweza kupita kiasi.

Pole sana. Pole ya kile chumba cha nesi hasa, hilo sina dawa yake. Lakini wewe ndiye uliyeniandikia, basi nitaanza na wewe. Ulimvika mwanamke mwingine abaya yako ya harusi, ukamfunga mtandio, ukamwita kwa jina lako, na ukacheka. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na safari hii aliyebaki uchi ni mwenye nguo. Usiniambie habari ya mama mdogo. Mimi pia nilikwendewa shuleni na mama mdogo, tena mkali. Lakini mama mdogo alisema wazi yeye ni mdogo wake mama, na kikao kikiisha alinirudisha nyumbani kwa mama. Hakuna aliyemwandikisha mama yangu kuwa mpishi. Siku ulipopewa kadi ya kijani ndiyo siku uliyotakiwa kuja juu, wewe ukaitafutia kamba ukaivaa shingoni.

Sasa msomee Suleimani kipande hiki, au mwachie gazeti kwenye meza anapokunywa chai. Baba Riziki, unasema hukuja Doha kuzaa dereva mwingine. Udereva umekufanyia ubaya gani? Ndio uliokupa hiyo ada unayoringia. Ulichokionea haya si udereva, umemwonea haya mkeo, na kwa kuwa huwezi kulisema hilo kwa mdomo wako, umemtuma mtoto wa miaka saba akusemee. Amesema vizuri, hakusita. Unamlipia walimu kutoka Uingereza, lakini somo aliloshika kuliko yote ni lako. Na ile ahadi uliyoitoa mbele ya shangazi zake, sijui kama kule Tanga bado wanajua kuadhibu wakwe, ila ningekuwa mmoja wao ungenitambua.

Mama Riziki, umeulizwa unataka nini tena ukakosa jibu. Nakupa: unataka mtoto wako. Mbona ni fupi tu. Mumeo anakwambia uvumilie mpaka amalize shule ya msingi, kana kwamba siku ya kufunga shule mtoto atavua uongo pamoja na sare. Havui. Mtoto aliyekukana utoto wake wote na akasomeshwa vizuri kwa kukukana, akifika sekondari hatakuwa anadanganya tena, atakuwa anaamini. Huko ndiko mnakoelekea, na mko nusu ya njia.

Millicent usimwambie nenda. Mwambie asante, na umwambie apumzike. Amekosea, lakini ndiye pekee katika kisa hiki aliyeona aibu kabla ya kuambiwa, na ana mwanawe anayemlilia. Mkienda shuleni msimtupie yeye mzigo. Semeni alikuja kwa kuombwa na nyinyi.

Na mtakwenda, tena msingoje Jumatano. Wiki hii pita kwanza kwa yule mwalimu mkuu aliyekupa chai, muulize kama nafasi ya Riziki ipo, kwa sababu sitakudanganya, hawa Waingereza wanaweza kumtoa. Shule haipendi kudanganywa, na wakikasirika wana haki. Ukishajua mtoto ana pa kuangukia, Jumapili asubuhi, maana Doha hiyo ni siku ya shule, chukua pasipoti yako, cheti cha kuzaliwa cha Riziki na cheti cha ndoa, mwende ofisini. Suleimani ndiye aongee, yeye ndiye aliyetunga, aisimulie kwa Kiingereza hicho anachokiabudu. Akigoma, nenda peke yako, uombe mwalimu wa Kiarabu akae nanyi, Kiarabu chako cha Umm Salal hakijaoza. Huna haja ya kupamba. Sema mimi ndiye mama yake, yule mwingine hakuwa mimi, naomba namba yangu iandikwe ili akiumwa niitwe mimi. Kama kazi ya mumeo itaingia doa, basi itaingia doa. Doa la kazini watu hulisahau akija mwingine na la kwake.

Kuhusu mtoto, usimchape na usimlazimishe kukuomba radhi. Hajakosa, ametii. Anayetakiwa kusema nilikosea ni baba yake, na aseme mezani Riziki akiwa anamtazama usoni. Baada ya hapo atalia. Atalilia nyasi, atamlilia Bradley, atakwambia anakuchukia, na maneno hayo utayasikia kwa Kiingereza kizuri sana. Mwache alie. Hasira ya mtoto aliyehamishwa shule nimeiona kwa wanangu na kwa wa wenzangu, ina mwisho. Aibu ya kumwonea haya mama yako haina, nao wanaozeeka nayo ndio wanaoniandikia mimi barua mama zao wakishazikwa.

Hiyo Jumapili vaa abaya yako, ile ile, si imerudi imepigwa pasi? Kadi ya kijani mwachie Suleimani mezani. Mshike Riziki mkono, upite mlango wa wazazi. Mlinzi atakuuliza wewe ni nani, mjibu kwa jina lako lote, lile uliloona uvivu kuniandikia. Watoto wenzake watakuwa wanatazama, na inawezekana kabisa mwanao akajaribu kuuchomoa mkono wake. Usimwachie.

Bi Mwajuma