Ndama wa Udongo wa Mugesi

Jumatano, Kamunyonge

Sijamwambia mtu: nilikuwa sijakisoma hadi mwisho kile kitabu ninachowasomea watoto.

Tangu nimalize kidato cha nne, najitolea kuwasomea hadithi watoto wa darasa la nne. Leo niliwaambia wamfinyange kwa udongo yule ndama aliyepotea kwenye hadithi. Mugesi, mkimya kama mimi, akauliza, "Madam, atarudi?"

Wote wakanitazama. Nikaona aibu kusema sijui.

"Atarudi."

"Si niliwaambia!" Mugesi akawazomea wenzake. "Kwetu wakipoteaga wanarudi wenyewe." Akatoka mbio kung'oa majani, akamwekea ndama wake, eti atafika ana njaa. Darasa zima likamwiga.

Jioni nimesoma sura ya mwisho. Ndama alikamatwa na mamba akinywa maji ziwani.

Kesho ndiyo tunaisoma. Nimewaza kusema kitabu kimepotea. Nimewaza hata kuzichana zile kurasa, halafu nikakumbuka yale majani, na jinsi walivyoniamini.

Nitaisoma. Ila kwanza nitamwita Mugesi pembeni nimwambie kwamba nilisema kitu nisichokijua. Naogopa atakavyonitazama.

Yeye ndiye awe wa kwanza kusikia. Mpaka asubuhi, tafadhali, daftari langu, usimwambie mtu.