Siku za Mrembo

Jumatatu, 10 Machi
Tumekamua. Yaani mjukuu wangu Nekesa amekamua, mimi nimeshika mkia. Huyu ng'ombe Mrembo namngojea apate joto la kupandwa tangu Krismasi, na macho yangu siku hizi ni ya mapambo. Leo nimechungulia kalenda iliyopigiliwa mlango wa jikoni. Maduara mekundu! Kumbe mjukuu wangu anaandikanga siku za Mrembo. Akili ya marehemu nyanya yake. Nimepigia daktari wa kupandikiza ng'ombe mbegu aje mbio.

Jumanne, 11 Machi
Aibu.
Daktari ameingiza mkono, ametoa. "Mzee, huyu hana joto." Nikamletea kalenda. Akahesabu kwa kidole. "Ng'ombe ni siku ishirini na moja. Hizi zimepitisha. Ni ng'ombe gani huyo?"
Nekesa alikuwa amesimama hapo na chai. Miaka kumi na sita. Nikaona uso wake, nikaelewa ni siku za nani. Hapo mtu mzima angenyamaza. Mimi nikasema, "Basi kwa hii boma kuna ng'ombe wawili!" Nikacheka. Daktari hakucheka. Aliangalia gambuti zake.
Nekesa akachukua kalenda, akaitia motoni.

Jumatano, 12 Machi
Nimekula obusuma, ugali wetu, peke yangu. Nimetania mboga, nimetania kuku. Nekesa amekula chumbani.
Jioni akaniita Kuka, yaani babu, akasema haya tu: "Kuka, hizo siku nesi wa zahanati anazitaka Ijumaa hii. Za miezi mitatu. Ndiyo ajue maumivu yanakujanga lini. Niliandika kwa kalenda yako kwa sababu sina ingine." Sasa kalenda imeungua, anakumbuka ya Jumapili tu. Mwaka jana alifanya mtihani amejikunja kama jongoo. Nilijua anaumwa. Nilidhani ni maharagwe.
Mimi ni mzee wa ovyo.

Alhamisi, 13 Machi
Nimejaribu kukumbuka yale maduara. Wapi. Nikafungua hili daftari, labda niliandika.
Niliandika.
10 Januari: "Nekesa amelala mpaka saa nne. Mvivu."
7 Februari: "Hajaenda shule, eti tumbo. Michezo."
9 Machi: "Amekosa kanisa. Shetani amehamia hapa Lumakanda."
Nimesoma mara tatu. Mwili wangu umekuwa moto kama niliyekamatwa na mahindi ya jirani. Siku zake zote nilikuwa nazo. Niliziita uvivu.
Nimeandika tarehe kwa karatasi safi. Matusi nimeacha huku. Nimeisukuma chini ya mlango wake.

Ijumaa, 14 Machi
Amerudi kutoka zahanati. Nesi amesema tarehe zinatosha kuanzia. Wanahesabu kutoka siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya ile ingine. Mimi ningeanzia pale damu inaisha, ningeharibu yote. Imetoka siku ishirini na nane, halafu thelathini.
Nikasema, "Mbona hazilingani?"
"Kuka, mimi si saa ya ukuta."
Kumbe kusogea kidogo ni kawaida. Amepewa dawa, akiona dalili tu anameza, hangoji kujikunja.
Nikamwomba msamaha. Mdomo ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Akasema, "Daktari wa ng'ombe pia alisikia."
Kweli. Nimempigia. Nimemwambia siku ile kwa boma yangu kulikuwa na ng'ombe wawili, na wa pili ni mimi. Akasema, "Sawa, mzee." Hiyo "sawa" imenichoma kuliko tusi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeenda duka la dawa za mifugo kuomba kalenda. Nimeomba mbili. Muuzaji: "Mzee, mwaka wako una miezi mingapi?" Nilikuwa na jibu tamu sana. Nimelimeza.
Moja mlango wa jikoni, ya Mrembo. Ingine nimempa Nekesa. Ameipeleka chumbani kwake.

Jumatatu, 7 Aprili
Nekesa hajatoka asubuhi. Nimekamua mwenyewe. Mrembo hataki mikono yangu, amenipiga teke, amemwaga robo ya maziwa. Nimechemsha maji, nimeyaweka kwa beseni mlangoni kwake, nimekohoa mara moja, nimeondoka.
Nikiwa mbali mlango umefunguka. Beseni limeingia ndani.
Leo siandiki mvivu. Naandika tarehe tu.